Bango Kubwa, Sauti ya Nesi: Historia ya Mabango ya PowerPoint

Huku Uingereza tunaendelea, baridi ndiyo ile ile na zamu za usiku ndizo zile zile. Picha niliyowatumia juzi nikiwa nimebeba bomba refu begani imezua maswali. Shangazi kauliza kama siku hizi navua samaki, mdogo wangu kasema ule ni mkeka. Jamani, lile ni bomba la kubebea bango, na ndani yake mlikuwa na kazi ya mwaka mzima ya wodi yetu kuhusu kuzuia vidonda vya kulalia. Nilikuwa naenda nalo mkutanoni. Leo nataka niwaeleze mabango haya yametoka wapi, maana historia yake inatuhusu manesi kuliko mnavyodhani.

Tuanze na mikutano yenyewe. Zamani kwenye mikutano ya kisayansi mtu alipanda jukwaani, akasema yake, akashuka. Watafiti wakazidi kuongezeka lakini saa za siku hazikuongezeka, kwa hiyo wengi wakakosa nafasi. Mwaka 1969, wanabaiokemia wa Ulaya walipokutana Madrid, Hispania, walitumia njia nyingine: kila mtu abandike kazi yake ukutani, asimame pembeni, na wenye hamu wamfuate waongee naye. Mkutano huo ndio hutajwa kuwa wa kwanza wa kimataifa kufanya hivyo. Mwaka 1974 utaratibu ukaingia Marekani, kwenye mkutano wa wanabaiokemia na wanabaiofizikia mjini Minneapolis. Toka hapo ukaenea kila fani, na uuguzi pia.

Sasa mabango ya enzi hizo yalitengenezwaje? Wale mliopita chuo cha ualimu mtaelewa haraka: karatasi ya manila, rula, mkasi na gundi. Mtu alipiga taipu kurasa zake moja moja, akasafisha picha, akachora grafu kwa mkono, kisha akabandika kila kitu kwenye kadibodi au akapachika kwa pini ubaoni. Aliyetaka bango la kupendeza zaidi alihitaji mchoraji. Hospitali kubwa za huku zilikuwa na idara za wapiga picha na wachoraji wa kitabibu, na kazi zao zilikuwa nzuri kweli. Lakini ilibidi upange foleni, na mwenye bajeti ndiye aliyetangulia.

Vitu viwili ndivyo vilivyobadilisha hali hiyo: programu na printa.

Programu ni PowerPoint. Waanzilishi wake ni Robert Gaskins na Dennis Austin (huyu alifariki mwaka 2023), waliokuwa kwenye kampuni ndogo ya Forethought huko California. Mwanzoni waliiita Presenter. Ilitoka Aprili 1987 kwa kompyuta za Macintosh, tena kwa rangi nyeusi na nyeupe tu. Mwaka huo huo Microsoft ikainunua Forethought kwa dola milioni 14, na mwaka 1990 ikatoka ya Windows.

Watu wa michoro huwa wanatucheka kwamba tunachapa mabango kwa programu ya kuonyeshea slaidi. Wanasahau jambo moja: PowerPoint ilizaliwa kwa ajili ya kuchapa! Mwaka 1987 haikuwa kawaida kuunganisha kompyuta na projekta ukumbini. Ulipanga kurasa zako kwenye kompyuta, ukazichapa, ukazihamishia kwenye zile karatasi angavu za nailoni zinazowekwa juu ya kioo chenye taa. Kuonyesha moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta kulikuja na toleo la tatu, mwaka 1992. Kwa hiyo anayechapa bango kwa PowerPoint anairudisha kwenye kazi yake ya kwanza, ila karatasi imekuwa kubwa.

Upande wa printa kuna kisa ambacho sisi wa sindano tutakipenda. Mwaka 1977 huko Japani, mhandisi wa Canon aitwaye Ichiro Endo aliona chuma cha moto cha kulehemu kikigusa sindano ya bomba lenye wino. Wino ukaruka. Kumbe joto linatosha kurusha matone! Hewlett-Packard nao waligundua jambo hilo hilo kwa njia yao, na mwaka 1984 wakatoa printa ndogo ya ThinkJet. Mwaka 1991 wakatoa DesignJet, printa ya kuchapia karatasi pana, iliyowalenga zaidi wahandisi na wachora ramani za majengo. DesignJet ya rangi, 650C, ikafuata mwaka 1993. Kuanzia hapo karatasi moja kubwa ya rangi ikatoka kwenye mashine bila gundi wala mkasi.

Ukubwa wa karatasi nao una ukoo wake. Bango letu lilikuwa A0, sentimita 84.1 kwa 118.9, eneo lake mita moja ya mraba. Vipimo hivi ni vya Mjerumani Walter Porstmann, vikawa sheria ya viwango kwao mwaka 1922 na vya kimataifa mwaka 1975. Ukikunja A0 katikati unapata A1, ukikunja tena A2, na umbo halibadiliki. Ndani ya A0 mnaingia A4 kumi na sita. Ndiyo maana unaweza kuchapa bango lako zima kwenye A4 moja ulikague kabla ya kulipia. Kama maandishi hayasomeki kabisa kwenye A4, basi hata ukutani yatamsumbua msomaji.

Kwa wadogo zangu mlioko vyuoni, mambo machache ya kushika. Badilisha kwanza ukubwa wa slaidi, ndipo uanze kuandika. PowerPoint haipokei zaidi ya inchi 56, yaani sentimita 142 hivi. A0 inaingia vizuri, na bango kubwa zaidi linapangwa kwa nusu ya vipimo kisha linachapwa kwa asilimia 200. Picha ya kudowea intaneti itatoka na miraba miraba: picha ya upana wa sentimita 40, ikichapwa kwa nukta 100 kwa inchi, inahitaji nukta 1,600 hivi za upana. Rangi ya skrini ni mwanga, ya karatasi ni wino, kwa hiyo usishangae zikitofautiana. Na faili lipeleke kwa mchapaji likiwa PDF, maana PowerPoint ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti zako, maandishi yanahama.

Lakini kwa nini nimejichosha kuwaeleza haya yote? Kwa sababu PowerPoint ilikuwa tayari kwenye kompyuta ya ofisi ya wodi. Hakuna aliyehitaji kununua programu ya wachapaji wala kupanga foleni kwa mchoraji. Nesi aliyekuwa akijua jinsi ya kumgeuza mgonjwa asipate kidonda, na ujuzi wake ukiishia kwenye kukabidhiana zamu, aliweza kuuandika usiku mmoja akiwa off na kuubandika ukuta mmoja na kazi ya daktari bingwa. Kule mkutanoni nilisimama saa moja na nusu. Profesa mmoja alikuja, akasoma mpaka chini, akaniuliza tulihesabuje vidonda. Aliniuliza mimi, si bosi wangu.

Mabango yenyewe yanaendelea kubadilika. Mwaka 2019 mwanafunzi wa udaktari wa falsafa huko Marekani, Mike Morrison, alishauri tupunguze maneno: jibu moja kubwa katikati kwa lugha nyepesi, mengine pembeni. Wengi wamemfuata. Kipindi cha korona, mwaka 2020, mikutano ikahamia kwenye skrini, na sasa ipo inayotumia mabango ya skrini tu. Wapo pia wanaochapa kwenye kitambaa, unakikunja kama kanga unatia begini.

Mimi bado napenda la karatasi, kwa sababu halizimwi mkutano ukiisha. La kwetu sasa liko kwenye korido ya wodi. Ndugu wa wagonjwa hulisoma wakisubiri saa ya kuona wagonjwa, na wiki iliyopita binti mmoja alilisoma, akaingia, akatuuliza mama yake amegeuzwa saa ngapi.

Haya, zamu inaniita. Wasalimieni wote nyumbani. Alamsiki.