Spika ya Kati au Spika ya Katikati?

Kila chombo kigeni kiingiapo majumbani mwetu huja na jina lake, na mara nyingi jina hupokewa kabla kazi ya chombo haijafahamika. Ndivyo ilivyo kwa spika ile iwekwayo chini ya televisheni katika seti ya sinema ya nyumbani. Mfasiri wa kijitabu cha maelezo aweza kuiita "spika ya kati", "spika ya katikati" au "kipaza sauti cha kati". Katika makala haya twakusudia kuonyesha kuwa uamuzi baina ya majina hayo wahitaji kwanza kuijua historia ya chombo chenyewe.

Tarehe 27 Aprili 1933, okestra ya Philadelphia ilipiga muziki katika mji wake, na wasikilizaji wakausikia wakiwa Washington. Wataalamu wa maabara ya Bell, wakiongozwa na Harvey Fletcher, waliweka maikrofoni tatu mbele ya wapigaji: kushoto, katikati na kulia. Kila moja ilikuwa na mkondo wake wa sauti uliopita katika nyaya za simu hadi kwenye spika yake ukumbini Washington, ambako Leopold Stokowski alisimamia nguvu ya sauti. Kwa nini mikondo mitatu? Spika mbili zaweza kumfanya msikilizaji aliyekaa katikati ahisi kuwa mwimbaji yuko mbele yake hasa. Lakini aliyekaa pembeni husikia sauti hiyohiyo ikivutwa kuelekea spika iliyo karibu naye. Spika ya tatu huishikilia sauti mahali pake kwa ajili ya wote.

Sinema ililipokea fundisho hilo. Mwaka 1953 filamu iitwayo The Robe ilionyeshwa kwa mtindo wa CinemaScope, ikiwa na mikondo minne: mitatu nyuma ya pazia, na wa nne ukumbini miongoni mwa watazamaji. Pazia lilitobolewa vitundu vidogo ili sauti ipite. Kwa kawaida ya sinema, maneno ya wachezaji hupitishwa zaidi katika mkondo wa katikati.

Nyumbani mambo yalikwenda njia nyingine. Santuri za stirio zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa na mikondo miwili tu, kwa kuwa mfereji wa santuri una kuta mbili. Hata vyombo vya Dolby Surround vya nyumbani vilipotoka mwaka 1982, havikuwa na mkondo wa katikati. Mkondo huo uliingia nyumbani kwa mtindo wa Pro Logic mwaka 1987.

Historia hii yatufunza mambo mawili. La kwanza, mkondo si spika. Mkondo wa katikati waweza kuwapo katika filamu ilhali nyumbani hamna spika yake. Hapo sauti hugawanywa kwa spika za kushoto na kulia. Mfasiri atumiaye neno moja kwa vitu hivyo viwili humpoteza msomaji. La pili, spika hii huchaguliwa kwa kazi yake ya kubeba maneno. Yafaa iwe ya jamii moja na zile za kushoto na kulia, ili sauti ya mtu apitaye kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine isibadilike njiani. Na kwa kuwa televisheni haitobolewi kama pazia, spika hulazwa chini au juu yake. Basi na ielekezwe kwenye masikio ya wakaao. Spika iliyolazwa, yenye koni mbili za sauti nene na moja ndogo ya sauti nyembamba katikati yake, huweza kumpunguzia aliye pembeni baadhi ya sauti, maana mawimbi ya koni zile mbili humfikia kwa nyakati tofauti na kufutana.

Sasa turudi kwenye majina. "Kipaza sauti" hutumika kwa chombo kipokeacho sauti na kwa chombo kitoacho. Katika maelezo ya kuunganisha nyaya utata huo ni hatari. Twapendekeza "maikrofoni" kwa cha kwanza na "spika" kwa cha pili. Upatanisho nao usisahauliwe: "spika wa" ni yule aongozaye Bunge, "spika ya" ni chombo.

Ama neno "kati", lina maana ya mahali na pia ya kadiri, kama tusemapo umri wa kati. "Spika ya kati" yaweza kudhaniwa kuwa spika ya ukubwa wa wastani, au koni itoayo sauti isiyo nene wala nyembamba. Mnunuzi akidhani hivyo, ataitafuta spika ya wastani, na ile aliyoihitaji ataiacha dukani. Kwa hiyo twapendekeza "spika ya katikati" na "mkondo wa katikati" kwa mahali, na "koni ya sauti za kati" kwa kadiri. Walimu na wafasiri wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, maana istilahi hukubalika kwa kutumiwa.