Njia ya Tabora na Ramani ya Saratani

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi Wanyamwezi. Reli ya Kati ilifika mjini hapo mwaka 1912. Leo mgonjwa wa Tabora aliyeandikiwa mionzi huifuata njia hiyo kurudi pwani, zaidi ya kilometa 800, hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mwingine huelekea kaskazini, Hospitali ya Bugando, Mwanza. Wapo wasiosafiri kabisa. Kwa hiyo takwimu za hospitali hizo kubwa, pamoja na thamani yake yote, hutuambia nani alimudu nauli kabla ya kutuambia nani anaugua.

Kasoro hiyo inagusa kiini cha sayansi yenyewe. Saratani ni seli zinazogawanyika bila kizuizi baada ya vinasaba vyake kuharibika, na baadhi ya vinavyoviharibu hutofautiana mahali kwa mahali: virusi, moshi, vimelea. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa taya ulioua watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000, hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: je, mmeuona? Uvimbe ulifuata joto na mvua, kama malaria. Nyanda za juu zenye baridi hazikuwa nao. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr walikiona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo zilizotoka Uganda. Ndicho kirusi cha kwanza cha binadamu kuhusishwa na saratani, na kilipatikana kwa sababu kwanza mtu aliuliza ugonjwa uko wapi.

Mwanza imetoa ushahidi wa karibu zaidi wa faida ya kutafiti hapa kwetu. Wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 walishiriki utafiti uliolinganisha dozi moja, mbili na tatu za chanjo dhidi ya kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, mwaka ambao Shirika la Afya Duniani lilikubali dozi moja itumike. Utafiti wa kwetu ukawanufaisha wasichana wa dunia nzima.

Tabora nayo ina swali lake: tumbaku. Madhara ya kuivuta yanajulikana tangu utafiti wa Doll na Hill, London, mwaka 1950. Lakini familia za Urambo, Kaliua na Sikonge, zinazochuma majani mabichi kwa mikono na kukesha zikichochea moto wa mabani ya kukaushia majani hayo, zinavuta nini, na baada ya miaka 30 miili yao inakuwaje? Jibu haliwezi kuagizwa kutoka London.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ina kituo Tabora. Kipewe fedha na watu wa kuandikisha kila mgonjwa wa saratani mkoani, kuanzia zahanati za vijijini, akiwemo yule asiyepanda treni.