Nchi ya Mawe: Upande wa Mashariki wa Unguja

Mgeni atokaye mjini Unguja kwenda Jozani husafiri yapata kilomita 35 tu, walakini katika mwendo huo mfupi huvuka mpaka usioandikwa katika ramani nyingi. Kwanza hupita katika udongo mwekundu wenye kina, wenye minazi na miembe. Kisha udongo hupungua, vichaka hufupika, na mawe ya kijivu, makali kama meno ya msumeno, hujitokeza kila upande. Hiyo ndiyo nchi ambayo wenyeji huiita maweni au uwanda. Ni jiwe la chokaa lililofanywa na matumbawe ya bahari ya kale, ambayo bahari ilipojitenga nayo yalibaki juu kuwa nchi kavu. Mvua inyeshapo haikai juu yake, bali huzama katika nyufa na mapango. Mto wa haja haupatikani upande huo, na mwenye kutaka maji hana budi kuyafuata chini.

Kwa muda mrefu watu wa mjini waliihesabu nchi hii kuwa maskini. Katika karne ya 19 Seyyid Said na matajiri wa zama zake walipopanda mikarafuu, waliipanda magharibi na kaskazini palipo na udongo mzuri, mawe hawakuyataka. Yapo masimulizi yaenezwayo sana kwamba Wahadimu, wenyeji wa kusini na mashariki, walifukuzwa na wenye mashamba wakatupwa maweni kama watu watupwavyo jangwani. Masimulizi hayo yana ukweli ndani yake, kwa kuwa ardhi waliyokuwa wakiilima magharibi iliwatoka mikononi, na mamlaka ya Mwinyi Mkuu wa Dunga yalififia mpaka yakaisha mwaka 1873 alipofariki wa mwisho wao. Lakini kusema kwamba mashariki palikuwa patupu kabla ya mikarafuu ni kosa, na ni kosa lenye madhara, maana lawanyima watu taarikhi yao kwa kisingizio cha kuwahurumia.

Jiwe lenyewe ni shahidi. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Yalichongwa katika tumbawe, ambalo likitolewa baharini huwa laini kukubali patasi, na likikauka huwa gumu. Waliouamuru msikiti ule hawakuwa wakimbizi. Walikuwa watu wenye mali, wenye mafundi, na wenye kujua habari za ng’ambo ya bahari. Na kabla yao, pwani ya kusini-magharibi, Unguja Ukuu ilikuwa bandari ya biashara tangu karne ya saba.

Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, lapita yote hayo kwa umri. Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba humo, na wataalamu wengine walifuata baadaye. Walikuta dalili za watu walioishi yapata miaka 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya punda milia na nyati. Wanyama hao hawaogelei mlango wa bahari. Zama za barafu bahari ilikuwa chini sana, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Barafu ilipoyeyuka maji yalipanda yakaikata nchi, na wanyama wakubwa wakaisha mmoja baada ya mwingine. Udongo mzuri wa magharibi usingalihifadhi habari hizo kwa urahisi, kwani mifupa hudumu vizuri zaidi katika chokaa.

Mji nao uliila nchi hii ya mawe. Majumba yake yalijengwa kwa matumbawe na boriti za mikoko, na chokaa yake ilipatikana kwa kuchoma mawe katika matanuri yalayo kuni pasipo kushiba. Kuni za jikoni na makaa vilitoka huko huko. Msitu wa Jozani ulisalimika kwa sababu upo bondeni, ambapo maji ya chini ya ardhi hupanda wakati wa masika yakafurika kati ya mizizi. Hata hivyo nao ulionja msumeno: katika miaka ya 1930 palikuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Baadaye serikali iliuchukua ikaufanya hifadhi. Mwaka 1995 ukaanza mradi wa kuutunza pamoja na vijiji. Na mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka vikawa hifadhi ya taifa, eneo la kilomita za mraba 50 hivi.

Mgeni huja kumwona kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe usoni, ambaye maskani yake ya asili ni Unguja na visiwa vidogo vya kando yake tu. Wataalamu humwita kwa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza. Jina la wenyeji lina habari nyingi zaidi, kwa kuwa punju ni sumu, na ilisemwa kwamba mti alao hufa. Wakulima wa jirani walilalamika kwamba anawamalizia madafu machanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima minazi hiyo ukaona kwamba mavuno hayakupungua. Yamkini kima hupunguza vidaka ambavyo vingi vyao vingeanguka vyenyewe. Hiyo ni habari njema kwa msitu, lakini wastani wa minazi mingi haumjibu mtu mwenye minazi kumi tu, ambaye humwona kima kwa macho yake asubuhi. Ndiyo maana kugawana na vijiji ada ya wageni kulikuwa jambo la haki kabla ya kuwa jambo la hisani.

Kutoka Jozani barabara huendelea mpaka Paje na Jambiani, ambako jiwe lilelile, likisagwa na mawimbi pamoja na makombe, huwa mchanga mweupe. Tangu mwaka 1989 wanawake wa huko wamelima mwani kwa biashara, wakifuata maji yakipwa mbali; na hoteli zimejengwa juu ya ufuo ambao zamani nyavu zilianikwa. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilipata kima zaidi ya 5,800 kisiwani kote. Wengi hawaujui mpaka uliochorwa mwaka 2004, na kila siku huvuka barabara, juu ya matuta yaliyowekwa kuzuia kasi ya magari, kwenda katika mashamba ya watu.