Kuandika Meza Bunia: Historia ya Mikahawa ya Hadhi na Lugha Yake

Utangulizi

Katika Kiswahili cha pwani kitenzi *kuandika* kina maana mbili. Kuandika ni kutia maneno kwenye karatasi. Kuandika pia ni kupanga vyombo mezani kabla ya chakula kuletwa. Maana ya kwanza imezaa *mwandishi*. Maana ya pili imezaa *mwandikaji*, yaani mtumishi wa meza, neno ambalo leo halisikiki sana hata huko pwani. Katika Kiswahili cha Ituri maana ya kwanza ndiyo iliyotawala, na msemaji wa Bunia akiambiwa "andika meza" yumkini ataomba kalamu.

Makala haya yananuia kuchunguza historia ya kula katika mikahawa ya hadhi mjini Bunia kwa kufuata maana hizo mbili. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kimeandika meza za mji huu kwa zaidi ya karne moja, lakini hakijapewa nafasi ya kuandika orodha ya vyakula inayowekwa juu ya meza hizo. Hali hiyo si ya asili wala haikutokana na upungufu wa lugha. Ina historia, na historia hiyo ndiyo ya watu walioketi na watu waliosimama.

Meza ya Waungwana

Kiswahili kiliingia Ituri katika nusu ya pili ya karne ya 19, pamoja na misafara ya biashara ya pembe za ndovu iliyotoka Manyema na Maporomoko ya Stanley. Nyuma ya misafara hiyo walikuwapo wafanyabiashara wakubwa kama Tippu Tip. Mbele yake walikwenda wafuasi wao, Waungwana, ambao lugha yao ikaitwa Kingwana. Msafara wa Henry Morton Stanley ulipopita msitu wa Ituri mwaka 1887, ukiwa umedhoofika kwa njaa, uliwakuta watu wa Kilonga-Longa wamekwisha kupiga kambi Ipoto.

Pamoja na lugha, Waungwana walileta mpunga, na pamoja na mpunga walileta namna mpya ya kukaribisha wageni. Maneno *sahani*, *bakuli*, *karamu* na *pilau* yalikuja na adabu zake: kunawa mikono kabla ya kula, mwenye nyumba kumtanguliza mgeni, na mlo kuwa kipimo cha heshima ya anayeutoa. Kwa hiyo, katika eneo hili, lugha ya kwanza ya chakula cha hadhi iliyovuka mipaka ya makabila ilikuwa Kiswahili.

Hata hivyo haifai kuipamba picha hiyo. Waungwana walipata pembe kwa kuteka vijiji, na miongoni mwa waliopika wali na kuubeba sinia walikuwamo mateka. Tangu mwanzo, basi, karamu ya Ituri ilikuwa na aliyeketi na aliyesimama. Tofauti na nyakati zilizofuata ni moja tu: wote wawili walizungumza lugha moja.

Meza ya wakoloni

Vita vya Dola Huru ya Kongo dhidi ya Waarabu na Waungwana, vilivyopiganwa kati ya mwaka 1892 na 1894, vilivunja mamlaka ya wafanyabiashara hao lakini havikuiondoa lugha yao. Mwaka 1903 dhahabu iligunduliwa katika eneo la Kilo, na machimbo ya Kilo-Moto yakakusanya vibarua kutoka makabila mengi. Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Bunia, uliokuwa nyuma ya Irumu kiutawala, ulikua kwa sababu ulikaa kati ya migodi na bandari ya Kasenyi kwenye Ziwa Albert. Bidhaa na wasafiri waliotoka Mombasa kupitia Uganda walivuka ziwa kutoka Butiaba, wakashuka Kasenyi, kisha wakapanda milima kwa motokaa kuelekea Bunia na Irumu, na wengine wakaendelea hadi Stanleyville.

Wasafiri hao walihitaji malazi na chakula. Hoteli na vilabu vya mtaa wa Wazungu katika miji ya Kongo viliwahudumia watumishi wa serikali, wahandisi wa migodi, walowezi, na wafanyabiashara, wakiwamo Wagiriki waliokuwa na maduka mengi kaskazini-mashariki mwa nchi. Katika vilabu na hoteli hizo Kifaransa kilikuwa lugha ya wateja na ya karatasi. Kiswahili kilikuwa lugha ya kumwita *boyi*.

Ni hapo Kiswahili kilipobadilika daraja. Johannes Fabian, katika utafiti wake wa mwaka 1986 juu ya Kiswahili na mamlaka ya kikoloni nchini Kongo, ameonyesha jinsi vitabu vya kujifunzia lugha vilivyotungwa kwa ajili ya Wazungu vilivyosheheni amri: leta, ondoa, osha, ngoja. Lugha iliyofika Ituri na methali na adabu za karamu ilipunguzwa ikawa orodha ya vitenzi vya kuagiza. Wapishi na watumishi wenyewe hawakuipunguza. Jikoni waliendelea kubishana, kutaniana na kufundishana kwayo. Lakini mlango wa kutoka jikoni kwenda ukumbini ukawa mpaka wa lugha.

Uma kama mtihani

Mpaka huo ulikuwa pia wa rangi. Katika Kongo ya Wabelgiji Mwafrika aliingia katika mkahawa wa Wazungu kwa kazi, wala si kwa kula, na kwa muda mrefu aliruhusiwa bia lakini alikatazwa mvinyo na pombe kali. Waandishi wa maisha ya Patrice Lumumba husimulia jinsi alivyovuka mto siku moja kwenda Brazzaville akiwa kijana, akasimama kwa kiu mbele ya mkahawa, na mwanamke wa Kizungu akamkaribisha aketi na kumpa maji. Kijana huyo hakuamini kwamba jambo dogo kama hilo lingewezekana, kwa kuwa upande wa pili wa mto lisingewezekana.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili wasomi wachache, walioitwa *évolués*, yaani watu waliokwisha kuendelea, walidai hadhi inayolingana na elimu yao. Serikali iliwajibu kwa kuunda kadi ya ustahili wa kiraia mwaka 1948, kisha uandikishaji wa mwaka 1952 uliomweka Mwafrika chini ya sheria za Wazungu. Aliyeomba alichunguzwa hadi nyumbani kwake. Wakaguzi walitazama, miongoni mwa mambo mengine, kama familia inakula pamoja mezani na kama inatumia uma na kisu. Lumumba mwenyewe alikubaliwa mwaka 1954 baada ya kukataliwa kwanza. Hadi ukoloni unakwisha, waliopata hadhi hizo mbili walikuwa wachache mno katika nchi ya watu zaidi ya milioni 13.

Hapana budi kuzingatia maana ya mtihani huo. Mpishi wa hoteli, aliyejua kuipanga uma upande wa kushoto na kisu upande wa kulia pengine kuliko mlowezi aliyemtumikia, hakuhesabiwa kuwa mstaarabu kwa ujuzi huo. Uma ulipimwa mkononi mwa aliyeketi. Kujua meza hakukutosha. Ilibidi mtu akubaliwe mezani, na kukubaliwa huko kulipitia Kifaransa. Si ajabu basi kwamba vizazi vilivyofuata viliuona ukumbi wa mkahawa kuwa mahali ambapo mtu mwenye heshima huiacha lugha ya nyumbani mlangoni.

Kubadili mwenyewe bila kubadili lugha

Uhuru wa mwaka 1960 uliondoa ubaguzi wa rangi katika sheria. Uasi wa Simba wa mwaka 1964 uliwafukuza Wazungu wengi wa kaskazini-mashariki. Kisha, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zingekabidhiwa wananchi. Maduka, mashamba na hoteli zilipata wenyewe wapya. Nyingi zilififia kwa kukosa mtaji na ujuzi, na kuanzia mwaka 1976 baadhi zilirudishwa kwa waliokuwa nazo.

Hizo zilikuwa zama za siasa ya uhalisia wa Kizaire. Watu walibadili majina, tai ikaachwa, nchi na mto vikaitwa upya. Lakini hata siasa hiyo haikuigeuza orodha ya vyakula. Mteja mpya alikaa kwenye kiti cha mlowezi na kusoma Kifaransa kile kile. Lugha ya taifa ilipohimizwa kutoka juu, aghalabu ilikuwa Kilingala, lugha ya jeshi na ya muziki wa mji mkuu. Kiswahili, ingawa ni mojawapo ya lugha nne za taifa, kilibaki Bunia kama kilivyokuwa: lugha ya soko, ya ibada, na ya jikoni.

Meza ya wakati wa vita

Mapigano yaliyoanza Ituri mwaka 1999 yalifikia kilele mjini Bunia mwezi Mei 2003, baada ya majeshi ya Uganda kuondoka. Mamia ya raia waliuawa katika majuma machache, na maelfu walikimbilia pembeni mwa makao ya MONUC na karibu na uwanja wa ndege. Kwa azimio nambari 1484 la Baraza la Usalama, kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kilifika mwezi Juni, na mnamo Septemba kikakabidhi kazi kwa walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa.

Pamoja na askari walikuja watumishi wa mashirika ya misaada, wachunguzi na waandishi wa habari. Mikahawa ya hadhi ikapata wateja upya, na bei zikahesabiwa kwa dola. Jina *Hellénique*, kumbukumbu ya Wagiriki wa zamani, likajulikana kwa wageni kama mahali pa kula jioni. Samaki wa Ziwa Albert, aliyekuwa kitoweo cha kawaida cha wavuvi wa Kasenyi na Tchomia, alipangwa kwenye sahani pamoja na viazi vya kukaanga, akasomwa kwa jina la Kifaransa.

Ni rahisi kuilaumu meza hiyo, iliyoandikwa katika mji huo huo wenye kambi ya wakimbizi. Lakini mshahara wa mwandikaji mmoja ulilisha nyumba nzima katika mji ambao kazi nyingine zilikuwa zimetoweka, na muuza samaki, muuza mkaa na mfua nguo walipata chochote humo. Jambo linalostahili kuchunguzwa ni jingine. Wengi wa walinzi wa amani waliofuata walitoka Bangladesh, Pakistan, Nepal na Morocco. Kwa wengi wao, hasa waliotoka Asia, Kifaransa hakikuwa lugha yao zaidi ya Kiswahili. Hoja kwamba orodha ya vyakula inaandikwa kwa Kifaransa ili mgeni aielewe haikuwa na nguvu tena, lakini desturi haikutikisika.

Majina ya mahali pa kula

Msamiati wenyewe unashuhudia mgawanyo huo. Nchini Kenya na Tanzania neno *hoteli* hutumika hata kwa kibanda cha chai na maandazi. Bunia, kwa kufuata Kifaransa, hoteli ni mahali pa kulala. Pa kula kwa hadhi ni *restora*. Mahali pa mlo wa bei nafuu panaitwa *malewa*, na pa bia na nyama ya kuchoma ni *nganda*, maneno yote mawili yakitoka Kilingala. *Mkahawa* hujulikana kutoka vitabuni na redioni.

Katika malewa mama hutaja kwa mdomo alichopika: bugali, sombe, maharagi, wali, samaki. Mteja huuliza na kujibiwa kwa Kiswahili, na hakuna karatasi. Katika restora mteja huagiza kwa Kifaransa, mwandikaji huandika kwa Kifaransa, kisha hufungua mlango wa jikoni na kuita kwa Kiswahili: "Samaki moja ya kuchoma!" Tafsiri hufanyika hapo, katika hatua mbili tatu, mara nyingi kwa siku, na mtu asiyehesabiwa kuwa mfasiri. Chakula kikirudi ukumbini kimebadilishwa jina tena.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba ukosefu wa Kiswahili kwenye orodha za vyakula za Bunia hauwezi kuelezwa kwa ukosefu wa maneno. Lugha iliyotaja sahani, bakuli, mvinyo, kitoweo na karamu kabla ya kituo cha kwanza cha Kibelgiji kujengwa Ituri haihitaji kuundiwa istilahi ili itaje samaki wa kuchoma. Kilichokosekana ni ruhusa, ambayo kwanza ilinyimwa kwa sheria na desturi za kikoloni, na baadaye ikanyimwa na wananchi wenyewe, waliorithi viti pamoja na aibu ya waliokatazwa kuvikalia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kifaransa kimekaa kwenye meza ya Bunia kwa zaidi ya siku mbili, na hakuna haja ya kukifukuza. Kinaweza kupewa jirani kwenye ukurasa ule ule. Wanafunzi wa isimu katika vyuo vya mji huu wana hapa uwanja wa utafiti usiohitaji safari ndefu: wapishi wa zamani wangali hai, na msamiati wao wa moto, viungo na vyombo haujakusanywa. Wakihojiwa mapema, orodha itakayoandikwa siku moja kwa Kiswahili haitatafsiriwa kutoka Kifaransa cha ukumbini. Itanakiliwa kutoka jikoni, ambako imekuwa ikisemwa wakati wote huo.