Pad thai si ya zamani vile unadhani

Wadau, wacha nianze na kosa langu.

Nilikuwa Bangkok siku nne na pesa za kuhesabu, kwa hivyo mikahawa ya vioo niliiona nikipita tu. Usiku wa pili nikaingia kimkahawa fulani kwenye kichochoro karibu na barabara ya Yaowarat, mtaa wa Wachina. Kama unajua kibandaski cha Nairobi, hapo huwezi potea: viti vya plastiki, feni inapiga kelele, na mama mmoja amesimama mbele ya karai, moto unaruka. Lugha hatukuwa nayo, so nikaonyesha picha ukutani kwa kidole. Dakika chache hivi, sahani ya pad thai iko mezani. Baht 60, kama shilingi mia mbili na kitu.

Nikapiga video nikaandika, "Chakula cha Kithai cha tangu enzi za mababu." Watu wakapenda. Shida ni kwamba sikuwa na uhakika, nilibuni tu kwa sababu inasikika poa.

Kilichonisumbua ni kitu nilikiona nikilipa. Sakafuni, kando ya mtungi wa gesi, kulikuwa na madhabahu ndogo nyekundu yenye maandishi ya Kichina na ubani unawaka. Nikajiuliza, kama hiki ni chakula cha Kithai cha mababu, hawa mababu ni wa nani? Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kusoma sijaacha. Usiku huo sikulala.

Hadithi yenyewe iko hivi. Mwaka wa 1938 mwanajeshi mmoja, Plaek Phibunsongkhram, alikuwa waziri mkuu wa nchi iliyoitwa Siam. Mwaka wa 1939 akaibadilisha jina ikawa Thailand, nchi ya Wathai. Serikali yake ikaanza kutoa amri za jinsi Mthai halisi anafaa kuishi: avae vipi, asalimu bendera vipi, anunue bidhaa za nani. Kisha vita vya pili vya dunia vikafika, na mwaka wa 1942 mafuriko makubwa yakazamisha Bangkok. Serikali ikawahimiza watu wale tambi za mchele na kuziuza. Hapo ndipo tambi za kukaanga zilianza kupata umaarufu wa kitaifa, zikiwa na jina jipya la kizalendo. Phat ni kukaanga. Thai, si unajua.

Lakini kukaanga tambi kwenye karai ni ujuzi wa Wachina. Hata neno la Kithai la tambi hizo, kuaitiao, ni la Kichina. Sasa sikiza sehemu inayouma. Serikali hiyo hiyo iliyosukuma tambi ilifunga shule nyingi za Kichina, na ikatenga kazi kadhaa zifanywe na Wathai peke yao. Yaani chakula kikapewa uraia, mpishi akaambiwa wewe ni mgeni.

Na ukiifungua hiyo sahani, kila kitu kimesafiri. Pilipili na njugu karanga zilitoka Marekani ya Kusini na ya Kati, zikasambazwa duniani baada ya meli za Wareno na Wahispania kufika huko. Ule uchachu wake? Ni ukwaju, buda. Ukwaju ule ule wa juisi ya Mombasa, na asili ya mti wake ni Afrika. Nilisafiri mbali hivyo kwenda kula kitu cha nyumbani.

Kabla tuwacheke Wathai, tujiangalie. Ugali wa mahindi tunauita chakula cha mababu, na mahindi pia yalitoka Marekani. Mababu zetu wengi walisonga ugali wa mtama na wimbi, mahindi yakaja kutawala sahani wakati wa mkoloni. Chapati nayo ilitoka Bara Hindi. Leo hakuna Krismasi bila chapati, lakini Wakenya wenye asili ya Kihindi walitambuliwa rasmi kama kabila la 44 mwaka wa 2017. Walikuwa hapa kabla hata hiyo reli ianze kujengwa Mombasa mwaka wa 1896. Chapati tuliikubali mapema sana. Watu wake tuliwaweka foleni.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniambia "huyo si Mkenya halisi", mimi humuuliza amekula nini asubuhi. Chai? Majani ya chai yaliletwa na wazungu karne ya 20. Hakuna mtu ana sahani safi.

Sisemi pad thai ni feki. Watu wameila miaka themanini, wameipenda, imekuwa yao kweli. Ninachosema ni kwamba ukikubali chakula, mkubali na aliyekipika.

Ile video niliifuta. Usiku wa tatu nikarudi kwa yule mama. Alinikumbuka, akacheka, akanisogezea vibakuli vya sukari, pilipili, siki na sosi ya samaki nijipimie mwenyewe. Nikamwinamia kidogo kwa heshima, nikala nikamaliza.

Sasa niambie wewe: kwenu kuna chakula gani mnaita cha mababu, na ushawahi uliza kilitoka wapi?