Utando wa Seli Haukuwa Ukuta

Mwaka 1925, mjini Leiden, Uholanzi, Evert Gorter na François Grendel walichukua seli nyekundu za damu ya binadamu, mbwa, mbuzi na wanyama wengine, wakayatoa mafuta yake kwa asetoni, kisha wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka la unene wa molekuli moja. Eneo la tabaka hilo lilikuwa kama mara mbili ya eneo la seli zenyewe. Basi, walisema, seli imezungukwa na mafuta ya tabaka mbili. Jibu lilikuwa sahihi, ingawa asetoni haikuyamaliza mafuta yote na eneo la seli walilikadiria pungufu: makosa hayo mawili yalifutana.

Kwa miongo iliyofuata utando ulichorwa kama ukuta uliotulia. Hata darubini ya elektroni haikusaidia, kwa kuwa iliangalia seli zilizokwisha kufa na kukaushwa. Mwendo ungeonekana wapi?

Jaribio lililobadili mambo lilifanyika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na kwangu ni miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote ya biolojia. Mwaka 1970 Frye na Edidin waliziunganisha seli ya panya na seli ya binadamu kwa kutumia virusi vya Sendai, huku protini za kila upande zikiwa zimetiwa rangi yake ya kung'aa. Mwanzoni kila rangi ilikaa nusu yake. Baada ya dakika 40 hivi, katika nyuzijoto 37, zilikuwa zimechanganyika seli nzima. Chini ya nyuzijoto 15 hazikuchanganyika hivyo. Miaka miwili baadaye Singer na Nicolson walieleza utando kama mafuta ya majimaji ambamo protini zinaelea.

Kwa nini baridi ilizizuia? Mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi ilhali ya alizeti hubaki majimaji, na sababu ni hiyohiyo. Asidi ya steariki, moja ya asidi zinazounda mafuta, ina kaboni 18 zilizonyooka, hujipanga kwa kubanana, na huyeyuka karibu na nyuzijoto 69. Asidi ya oleiki nayo ina kaboni 18, ila kifungo maradufu kimoja huipinda katikati. Haibanani vizuri, hivyo huyeyuka karibu na nyuzijoto 13.

Seli hulitumia jambo hilo. Mwaka 1974 Michael Sinensky alikuza bakteria wa E. coli katika viwango mbalimbali vya joto, toka nyuzijoto 15 hadi 43. Waliokulia kwenye baridi walikuwa na asidi nyingi zaidi zilizopinda, na kila kundi, likipimwa katika joto lililokulia, utando wake ulikuwa na ulaini unaokaribiana na wa mengine. Seli za wanyama zina pia kolesteroli, inayosikika zaidi kama adui wa moyo: joto likipanda huzuia utando usilegee kupita kiasi, likishuka huzuia mafuta yasibanane na kuganda.