Mpira Uliokuwa Mmea

Fungua kamusi ya A. C. Madan ya 1903, au ile ya Frederick Johnson ya 1939, utafute neno "mpira". Hukutani kwanza na kiwanja wala goli. Unakutana na mmea wenye utomvu, kisha utomvu wenyewe ukishagandishwa, halafu ndipo vitu vinavyotengenezwa nao, tufe la kuchezea likiwamo.

Mmea wenyewe ni mtoria na jamaa zake, watambaazi wa msituni. Mgemaji alichanja gome, akaacha utomvu mweupe ugande, akauviringa nyuzi juu ya nyuzi hadi ukawa donge la kujaa kiganjani. Madonge hayo ndiyo yaliyouzwa pwani kwenda Ulaya. Yalidunda hata kabla hayajafika kiwandani!

Leo mpira wa chandimu, soka la mitaani, hutengenezwa kwa matambara na mifuko ya plastiki. Hauna hata tone la utomvu, na bado ni mpira.

"Tufe" nalo limehama. Zamani lilikuwa la kuchezea tu. Sasa wanahisabati wamelichukua, na wanariadha wanalirusha likiwa la chuma. La wanaume lina uzito wa kilo 7.26.